Nilisimama Juu ya Tuta Lako

Yaya wangu Mama Saidi, dada yangu mkubwa kwa ujirani,

Najua hutaisoma barua hii kwa macho yako. Utasomewa, pengine na mkweo, pengine na mwalimu yeyote wa huko Kabambare, na majirani watakuwa wamekaa karibu, na mmoja wao atasema ngoja, rudia hapo. Basi arudie. Nimeiandika wazi kusudi nao wasikie. Jambo hili nimelibeba tangu mwanzo wa kiangazi, na si la kumpa shofere wa kamio la mizigo alifikishe kwa mdomo, katikati ya magunia ya mchele.

Sisi hapa Kasongo tuko wazima. Agnesi wangu ameolewa na yule fundi cherehani, wanakaa nyuma ya nyumba yetu, na tumbo lake tayari linaonekana. Kijito cha bondeni hakijakauka. Shamba la baraza limejaa mboga, na kando yake, pale palipokuwa pori la nyoka, baraza la site, la mji wetu, limefyeka kiwanja cha michezo. Kuna magoli ya miti, kuna mabenchi, kuna pembea. Jioni watoto hawachezi tena barabarani mbele ya makamio. Wazee pia wanashuka, wanasema wanakuja kutazama mpira, lakini wanakuja kututazama sisi tunavyomwagilia.

Yaya, unakumbuka kiangazi cha kwanza? Wazee wa baraza walipita nyumba kwa nyumba wakisema kila mama atapewa tuta moja bondeni, alime mboga za watoto wake. Tulikwenda. Nani angekataa? Tulikwenda kama tulivyokwenda kwenye pamba ya serikali tulipokuwa wake wachanga, kwa kuogopa. Marehemu mume wangu alilala gerezani kwa sababu ya magugu katika pamba, wewe ulimpelekea chakula nilipokuwa na homa. Kwa hiyo tulipanda kabichi kwa mistari iliyonyooka kama kamba, tukapalilia mpaka udongo ukang'aa, na kabichi zilipokomaa tukakaa tukangoja mpimaji, kama yule wa pamba aliyekuja kupima mavuno na kuyachukua.

Mpimaji hakuja. Kabichi zikajaa, zikakaza, zikaanza kupasuka. Tulikuwa tunapita kati ya mboga na vikapu mikononi, tunakwenda sokoni kununua majani ya lengalenga! Leo nikisimulia vijana wanacheka. Lakini hakuna aliyecheka siku ile uliposhuka bondeni mchana kweupe na kisu cha jikoni. Nilikukimbilia, nikakushika kitenge.

"Yaya, iache. Iko ya leta, ya serikali, hiyo. Watatufunga."

"Watufunge. Gerezani si kuna bukari, ugali wa bure? Mimi nitakuwa nimekuja na mboga."

"Wakija kupima je?"

"Waje wanipime mimi na kabichi tumboni."

Ukakata. Ile sauti ya kisu kwenye shina, kama kifundo cha mguu kikiteguka, bado naisikia. Ukaipasua pale pale, ukanipa nusu, nami niliificha chini ya nguo kama mtoto wa haramu. Kesho yake mzee mmoja wa baraza alikuja, nikajua tumekwisha. Alitazama matuta yaliyooza, akashika kichwa. "Akina mama, mbona hamvuni? Mnamngoja nani?" Mstari mzima wa akina mama ukakutazama wewe, na kabla ya jua kuzama hapakubaki kabichi.

Tangu siku ile nimekuwa nikitembea nyuma yako. Ulikuwa unanitania kwamba Mungu alinipa roho ya kuku. Mwezi wako wa kufunga nilikuwa nakuchotea maji usichoke, halafu naona haya kunywa mbele yako, nawe unanikemea. "Kunywa, mdogo wangu. Mimi na Mungu wangu tumeshaelewana, wewe hukuwepo." Kwaresima ikifika ulinipikia maharage bila mafuta ya nyama, ukayaonja kwanza, ukakunja uso. "Kumbe nyinyi mnafunga kula vizuri."

Na ile siku ya miguu, yaya. Wewe unaijua, naeleza kwa majirani wanaosikia, kwani huko Kabambare sijui kama wanafanya hivyo. Hapa, kwa kuwa wengi wetu hatusomi, kiangazi kikianza kila mama anakwenda kusimama juu ya tuta lake. Kipande cha reli kinagongwa, karani wa baraza anapita mstari kwa mstari, anauliza: "Tuta la nani?" Aliyesimama anasema jina, majirani wanaitika: "Ni lake." Imekwisha. Tuta lisilo na miguu linachukuliwa. Wewe ulikuwa unainua kitenge mpaka kwenye goti. "Tazama vizuri, karani, yote miwili ni ya kwangu, sikuazima." Karani alikuwa anapita haraka kwetu kuliko popote.

Kisha binti yako akajifungua huko Kabambare akabaki mgonjwa, ukapanda kamio na kifurushi kimoja. Ulikuwa umeshakaa juu ya magunia uliponiita. "Mdogo wangu, unichungie tuta. Narudi mtoto akianza kukaa." Nikasema ndiyo. Nilisema kwa moyo wote, hilo Mungu analijua.

Sasa nifike kwenye ubaya.

Tuta lako si kama langu. Ulikuwa unajua, ila hukusema. Yamepakana, lakini langu ni la mwisho wa mstari, lina mawe, na maji yanakimbia juu yake kama yana safari. Lako ni jeusi, laini, mkono unazama mpaka kwenye kifundo. Mara ya kwanza nilipolima kwako nilipanda bamia yako, mbegu uliyoiacha. Mara ya pili nilipanda yako na yangu kidogo pembeni. Mvua zilipokwisha, pembeni ilikuwa yako, katikati yangu. Agnesi akaanza kusema "tuta letu la chini na tuta letu la juu," nami sikumsahihisha.

Makamio yakija kutoka kwako, watu walinipa salamu. "Mama Saidi anauliza, tuta liko?" Nikawaambia, "Mwambieni liko." Lilikuwepo kweli. Lilikuwa na nyanya zangu.

Nikaanza kuomba vibaya. Kila jioni kwenye rozari nilikutaja, sikuacha hata siku moja. Niliomba binti yako apone. Niliomba mkweo apate kazi nzuri. Niliomba mjukuu akupende, majirani wakuheshimu, nyumba isivuje, ukae vizuri huko. Siku moja midomo ikasimama katikati ya Salamu Maria, nikajisikia mwenyewe. Kila jema nililokuombea lilikuwa la huko. Huku sikukuombea hata moja. Nilikuwa namwomba Mama wa Mungu akushike nguo usirudi.

Nilikwenda kuungama. Nikamwambia padri nina dhambi juu ya tuta la mwenzangu.

"Umeliiba?"

"Hapana, padri."

"Umekula mboga zake?"

"Alinipa ruhusa, padri."

"Sasa dhambi iko wapi?"

Sikujua kuisema. Akanipa sala chache, kama za mtoto aliyegombana na ndugu yake. Nilizisali zote nikatoka nikiwa mzito vilevile.

Ndipo likaja shauri la pembea. Kiwanja kilikuwa tayari, zimebaki nguzo za pembea, na nafasi iliyofaa ilikuwa mwisho wa mstari wetu. Baraza likasema litachukua tuta moja tu, la kwako au la kwangu, lile litakalokosa miguu. Mzee mmoja wa baraza, yule mrefu anayependa kofia, alinikuta kwenye kijito.

"Mama Agnesi, siku ya miguu usisimame kwako. Kwako ni mawe. Simama kwa Mama Saidi, useme jina lako, majirani wataitika. Nguzo tutazisimika kwenye lile lako. Nani ataumia?"

"Na mwenyewe je?"

"Mwenyewe iko Kabambare. Mutu hawezi kuwa Kabambare akala mboga za Kasongo."

Ona nilivyobanwa, yaya. Nikisimama kwangu, lako linakwenda. Nikisimama kwako kwa jina lako, ni yale yale aliyoyataka yule mzee, kasoro jina tu. Mwanamke mmoja, tuta moja, ndiyo amri. Na shamba la mume wangu liliondoka na ndugu zake alipokufa, unajua, sina pengine pa kulima karibu. Agnesi alikuwa anashika tumbo lake tu.

Siku ile niliamka nimeamua. Nisikilize vizuri hapa, na anayesoma asome polepole: niliamka nimeamua kusema jina langu. Nilishuka bondeni baada ya misa, nikavua viatu, nikapanda juu ya tuta lako. Reli ikagongwa. Majirani walikuwa wananitazama bila ubaya. Mama Fatuma wa tuta la tatu alikuwa ameshafungua mdomo kuitika kabla sijaulizwa. Karani akafika.

"Tuta la nani?"

"La Mama Saidi."

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Nilitazama miguu yangu kwenye ule udongo mweusi nikaona imesimama vibaya, imebanana, kama miguu ya mgeni barazani. Labda ni hilo.

"Mama Saidi iko wapi?"

"Kabambare."

"Sasa weye ni nani hapo juu?"

"Mimi ni miguu yake."

Yaya, walicheka! Mama Fatuma alishika mbavu. Mtu akapiga kelele kutoka mstari wa nyuma: "Muinulie kitenge basi, karani aikague!" Karani naye akacheka, halafu akageuka kutazama upande wa pili.

"Na miguu yako mwenyewe iko wapi, Mama Agnesi?"

Nikatazama tuta langu. Lilikuwa na kijiti cha alama ya mbegu na kenge mdogo anaota jua.

"Haiko," nikasema.

Mzee wa kofia alikuwa ananitikisia kichwa kama mtu anayemwona mbuzi wake anavuka barabara. Kisha Mama Fatuma akasema, "Ni lake." Ni la Mama Saidi, alimaanisha. Wengine wakaitika, mmoja mmoja, mpaka mwisho wa mstari. Wiki ile ile walisimika nguzo juu ya mawe yangu.

Ungedhani hapo moyo ungepoa. Nami nilidhani. Agnesi alinuna, akaniuliza, "Mama, umetupa tuta lako kwa kumchungia mutu asiyerudi?" Nikamjibu kwa kiburi cha mtakatifu. Lakini nilipochukua jembe niliingia wapi? Kwako. Nikapanda wapi? Kwako. Mawe yamekwenda kwenye pembea, udongo mweusi umebaki chini ya mkono wangu, sawasawa kama yule mzee alivyonishauri. Jumapili katekista alisimama mbele ya watu akasimulia habari yangu, eti Mkristo aliyetoa lake kulinda la jirani Mwislamu. Watu wakageuka. Niliinamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu. Nimepata tuta, na nimepata sifa. Mwizi gani wa Kasongo amewahi kupata vyote viwili?

Nimejiuliza mara nyingi kama siku ile nilisimama kwa ajili yako au kwa ajili ya udongo. Nikiwa nimeshiba nasema ni kwa ajili yako. Nikipiga jembe, na jembe likazama bila kugonga kitu, sisemi lolote.

Jioni nakaa kwenye ukingo wa tuta lako natazama watoto wakipanda juu na kushuka pale palipokuwa na tuta langu. Wanapiga kelele mpaka kijitoni. Furaha yao naipenda kweli, hiyo haina doa. Kuna pembea moja ya kamba fupi, inafaa mtoto mdogo sana, anayeanza tu kukaa. Hakuna anayeitumia. Kila nikiiona nakumbuka ulivyosema juu ya magunia, na nahesabu kwamba mjukuu wako lazima ameshakaa, pengine ameshasimama, na nakuogopa.

Sasa naomba vizuri. Namwomba Mungu akurudishe huku, na kila jioni nataja jina la huku, Kasongo, ili asije akasema sikueleza. Mara nyingine sauti inapungua mwishoni. Namwambia anisamehe, narudia.

Kwenye kona ya tuta, upande wa kijito, nilipanda kabichi moja kutoka mbegu yako nyingine uliyoniachia. Nyanya tumekula, bamia tumekula, sitakudanganya. Hiyo sijaigusa. Imekaza, imekuwa kubwa kuliko kichwa cha mtoto, na juzi ilianza kupasuka juu. Agnesi anasema itaoza, Mama Fatuma anasema nimerudia ujinga wa kiangazi cha kwanza. Labda. Kisu chako ninacho, kiko juu ya dirisha.

Njoo na binti, njoo na mtoto. Shuka bondeni mchana kweupe, uinue kitenge, usimame kwako. Kata hiyo kabichi, unipe nusu au usinipe. Mimi nitakuwa nimekaa pembeni kwenye nyasi, siogopi tena kupimwa, mradi mpimaji awe wewe.

Anayekuchungia na anayekuonea haya,
mdogo wako wa mpakani,
Mama Agnesi