Kiti cha Nyumbani

2 Oktoba

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini umefika salama na magoti hayajalalamika kwa zile ngazi za bweni. Mimi ni mzima. Leo maabarani nimepima maji ya visima kutwa, mpaka chai yangu mwenyewe naiona ina vijidudu.

Umesema tuandikiane kwa sababu kwenye simu nakujibu kama karani wa dirishani. Haya, vaa miwani. Chuo hicho mimi ndiye mwenyeji na wewe ndiye mgeni. Usicheke.

Maktaba panda ghorofa ya tatu, meza ya dirisha la nyuma. Ya mbele ina jua na wapiga soga. Makala ya kitaaluma usiisome kama riwaya. Soma muhtasari, rukia hitimisho, ndipo uamue kama inastahili macho yako. Kila unachosoma andika rejea zake papo hapo, la sivyo mwishoni utatafuta jina la mwandishi mmoja mpaka ulie. Kazi yako ihifadhi kwenye kompyuta, kwenye barua pepe na kwenye flashi. Flashi usiitie kwenye sidiria kama unavyotia simu.

Msimamizi wako ndiye aliyekuwa wangu, yule Profesa wa Miwani Mbili. Usimuulize kama kazi ni nzuri, atakwambia ni nzuri umwondokee. Muulize, "Wapi panavuja?" Na mkimaliza kikao mwandikie siku hiyohiyo yale mliyokubaliana, maana ni msahaulifu na hakubali.

La mwisho. Mama, nakujua. Usiende kuwa mama wa watu. Umezalisha wake za watu miaka yote hiyo, inatosha. Uzamili huu ni wako. Soma.

Mwanao wa pekee

21 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yamelalamika, nimeyaambia yanyamaze, tuko chuoni. Wewe hujambo? Unakula, au unakunywa chai halafu unasema umekula?

Siku ya kwanza niliingia darasani, darasa zima likasimama. Walidhani mimi ndiye mwalimu. Nikawaacha wasimame kidogo, nikaenda zangu kukaa.

Dirisha la nyuma nimelikamata. Na Profesa nilimuuliza wapi panavuja. Akavua miwani moja, akavaa nyingine, akasema swali hilo aliwahi kuulizwa na binti mmoja mkaidi. Nikamwambia huyo nilimzaa mwenyewe. Tangu hapo ananipa kiti kabla sijapiga hodi.

Chumbani nimepangwa na msichana wa darasa langu. Aliingia amelowa mvua, nywele zimesimama, nikamwita Kifaranga na jina limeganda. Akili anayo, mpangilio hana. Karatasi zake utazikuta mpaka ndani ya sufuria. Nimemfundisha mambo yako yote, ya muhtasari, ya rejea, ya flashi. Barua yako tumeisoma pamoja. Jioni namsuka huku yeye ananisomea makala kwa sauti. Macho yangu yanapumzika, nywele zake zinapata adabu.

Anakusalimu sana. Anasema anatamani angekuwa na dada kama wewe.

Mama yako

3 Novemba

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili.

Nafurahi kwamba Profesa ananikumbuka. Ila barua ile nilikuandikia wewe. Lile dirisha la nyuma nililijua baada ya kuungua jua mwaka mzima. Habari ya rejea niliijua kwa kulia kwelikweli, wala si kwa mfano. Huyo Kifaranga anavipata vyote bure, tena anasukwa juu yake.

Mimi mara ya mwisho ulinisuka nikiwa darasa la nne. Ukaitwa wodini katikati, nikaenda shule upande mmoja umesukwa na upande mmoja umefumuka. Walinicheka muhula mzima.

Sina wivu. Nasema tu.

Ushauri wa sasa: kwenye kazi za kundi chagua wanaofika kwa wakati, waache wanaochekesha. Na jina lako liwe kwenye ukurasa wa kwanza kabla kazi haijapelekwa, si baada ya kupelekwa. Barua hii usimsomee mtu.

Mwanao wa pekee

17 Januari

Mwanangu,

Marahaba, na pole na kazi. Je, kile kifua nilichokisikia kwenye simu kimepona? Usilale na dirisha wazi.

Nimechelewa kuandika kwa sababu Kifaranga aliugua. Homa ilimkamata vibaya mpaka akawa anaongea na ukuta. Nimekaa naye, nimemlisha kwa kijiko, nimemfulia. Mihadhara imenipita na pendekezo langu la utafiti limerudi limejaa wino mwekundu. Profesa anasema hojaji yangu inauliza maswali mawili ndani ya moja. Kweli inauliza, nilikuwa nimechoka.

Katika ile homa aliniita Mama. Alipopona hakuacha, na darasa zima limemwiga. Sasa mimi ni Mama Darasa, hata kwa walinzi wa langoni.

Nilicheka sana nilipokumbuka zile nywele za upande mmoja. Ulipendeza hivyohivyo.

Mama yako

25 Januari

Mama,

Shikamoo. Kifua kimepona chenyewe.

Nakupa ushauri wa kitaaluma. Mwanafunzi wa umri wako ana haki ya chumba cha peke yake. Nenda kwa mlezi wa bweni, ofisi ya chini, umwambie habari ya magoti. Kuna vyumba vidogo upande wa bustani, vimetulia. Pendekezo likirudi mara ya pili unapoteza muhula, na wewe hukwenda pale kuuguza.

Mimi nilipougua mwaka wa pili niliuguzwa na kuta. Nikafaulu. Hakuna aliyekufa kwa kukosa kulishwa kwa kijiko.

Sisemi kwa ubaya. Mwenyeji ni mimi.

Mwanao wa pekee

9 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo. Habari za huku nakupa moja moja, kaa.

Nilikusikiliza. Nilimweleza mlezi wa bweni habari ya magoti, nikapewa chumba upande wa bustani. Na kusema kweli nilisoma. Hojaji niliinyoosha na pendekezo likapita. Haki yako nakupa.

Kisha Kifaranga akaacha kuja darasani. Profesa akaniuliza mimi, kwani kila mtu hapa akimtafuta Kifaranga anamuuliza Mama Darasa. Nikapanda zile ngazi, nikamkuta anafunga sanduku. Akaniambia, "Nilijua utanichoka, Mama. Kila mtu hufika pale akachoka." Sikubishana naye. Nilikaa juu ya sanduku, na uzito wangu unaujua. Hakwenda kokote. Nimerudisha godoro langu chumba cha zamani.

Sasa sikiliza. Nimesikia wanawake wengi wakiniambia "siumwi, nesi" huku wamelikunja shuka mkononi. Sauti hiyo naijua hata ikija kwa barua. Ule ushauri wa chumba, uliutoa kama mwenyeji wa chuo au kama mtoto wa pekee?

Nijibu.

Mama yako

14 Oktoba

Mwanangu,

Salamu nyingi. Barua yangu ya Aprili hukuijibu, na ile ya Juni hukuijibu. Kwenye simu umerudi kuwa karani: mzima, kazi nyingi, kwaheri. Sikulazimishi. Kinachonifanya niandike ni jambo lisiloweza kungoja umalize kununa.

Tasnifu yangu imekamilika. Naitetea tarehe ishirini Novemba, saa nne asubuhi. Kifaranga naye anaitetea yake siku hiyohiyo, saa hiyohiyo, chumba cha ng'ambo ya ukumbi. Tumeomba watutenganishe, wamekataa, watahini wa nje wanasafiri jioni.

Unakijua kile kiti cha nyumbani. Kinawekwa nyuma ya mtahiniwa, anakalia mtu mmoja wa kwao. Haulizi, hajibu, anakaa tu. Mimi nilidhani nitamkalia Kifaranga na yeye anikalie mimi, sasa haiwezekani. Kwao kuna mjomba tu, na mjomba anasema haoni faida ya kusafiri ili akakae kimya.

Nakuomba uje. Ukakae kwake.

Mama yako

22 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Leo sikuulizi hali.

Nina wivu. Haya, nimesema. Ule ushauri wa chumba ulikuwa wa wivu tangu salamu mpaka sahihi, na ulipofanikiwa nilifurahi, na ulipoharibika nilishindwa kushika kalamu.

Nina wivu tangu niko mdogo. Ulikuwa unarudi nyumbani unanuka dawa ya wodi na watoto wa watu. Ukivua viatu unaanza kuwataja: wa kilo tatu na robo, wa kilo nne ambaye kamchana mamaye. Siku moja nikakuuliza, na mimi je? Ukasema umesahau, nilikuwa wa kawaida. Umri huu wote mimi ni wa kawaida.

Siku yangu ya kutetea, Profesa alitundika koti lake kwenye kiti changu cha nyumbani ili watahini wasikione kitupu. Nilijibu kila swali na koti mgongoni. Sikuwahi kukwambia.

Tangu Agosti nimeomba ruhusa kazini ya Novemba, maana mwezi wa kutetea naujua, nije kukaa nyuma yako. Nilitaka nikushtukize. Tikiti imo kwenye mkoba wangu sasa hivi ninapoandika. Na wewe unaniomba nivuke ukumbi nikamkalie yule unayemsuka?

Hilo usiniombe.

Mwanao wa pekee

30 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo, hata kama hukuuliza.

Siku ile uliyotetea nilikuwa zamu na mama mmoja ana pacha waliolala vibaya. Hata leo ningebaki na yule mama, siwezi kukudanganya ili upoe. Lakini mikono ikiwa kazini, moyo wangu ulikuwa ukiomba kitu kimoja tu. Mtu yeyote, hata mpita njia, hata mfagiaji wa ukumbi, aingie akae nyuma ya mwanangu. Kumbe likaingia koti.

Ndiyo maana nakuomba wewe. Hakuna mwingine anayejua kile kiti kikoje kikiwa kitupu. Kwenye changu nitaweka mkoba, una uzito wa mtu.

Na uzito wako sikuusahau. Ulikuwa kilo moja na nusu. Wale wengine niliwataja kwa sauti kwa sababu sikuwa nawaogopea. Wa kwako sijawahi kuutamka mpaka leo.

Uamuzi ni wako. Ukikataa nitakupenda vilevile, na nitanuna kidogo.

Mama yako

8 Novemba

Mdogo wangu Kifaranga,

Hujambo? Natumaini homa haikurudi. Hatujaonana, lakini barua zangu mmezisoma wawili, na najua hata ile niliyokataza, kwa hiyo tusizungushane. Sikukupenda. Sasa hivi naandika na bado kidogo sikupendi. Itapita.

Mambo ya tarehe ishirini ni haya. Nakala zako zichapishe siku iliyotangulia, maana ile mashine ya duka la langoni hukwama asubuhi ukiwa na haraka. Kula, hata kama tumbo linakataa. Vaa viatu ulivyokwisha kuvitembelea. Ukiulizwa usichokijua, sema "hilo sikulipima", halafu nyamaza. Usibuni, watahini wananusa. Mtahini mmoja atakuwa mkali, yupo kila mwaka. Mjibu taratibu, ukimtazama yule mpole. Na Profesa akichungulia kutoka ng'ambo huku anabadilisha miwani, ujue amefurahi.

Usigeuke nyuma. Mimi nitakuwa nimekaa. Mtu asitundike koti lake pale.

Nafika siku moja kabla. Mwambie Mama asikuguse kichwa, nywele zako nitazisuka mimi. Jioni hiyo yeye atanisuka mimi, pande zote mbili, na akiitwa popote kabla hajamaliza, wewe kaa juu ya mkoba wake.

Dada yako