Kaburi la Mama Yake Zumreta

Lipovik, 3 Machi 1974

Kwa mwanangu Zumreta,

Salamu nyingi sana. Huku hatujambo, baridi tu. Wewe u mzima? Unakula, au unaishi kwa sigara na kahawa?

Jana wimbo wako ulipigwa redioni nikiwa kwa jirani yetu Mevla. Wanawake wote walilia. Kisha Mevla akaniuliza kwa nini unaimba kwamba mama yako amelala chini ya mtofaa, ilhali mimi nipo hapa namimina kahawa. Nikamjibu ni wimbo tu. Ni wimbo tu, sivyo?

Mama yako, Đulsa

Belgrade, 20 Machi 1974

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, ila koo linakwaruza.

Ni wimbo tu, Mama. Lakini meneja wangu, Ratomir, amewaambia watu wa magazeti kwamba mimi ni yatima. Nilimgombeza. Akasema santuri zimeshatoka, zina picha yangu nimevaa nyeusi, na mkataba hauniruhusu kumkanusha. Vumilia kidogo. Wimbo ukipoa nitakuja kukuchukua, ukae mstari wa mbele unisikilize.

Mwanao, Zumreta

Lipovik, 11 Septemba 1975

Mwanangu,

Natumaini hujambo. Mimi namshukuru Mungu.

Wimbo haukupoa. Ijumaa lilikuja basi zima la wapenzi wa nyimbo zako, na mashada ya maua. Walinikuta uani nachoma pilipili, wakaniuliza lilipo kaburi la mama yake Zumreta. Ningesema nini? Wangekuita mwongo. Nikawapeleka kwenye kaburi la bibi yako. Mama mmoja akanikumbatia, akauliza kama nilimfahamu marehemu. Nikamwambia, "Kidogo."

Siku hizi nikisikia basi najifungia ndani.

Mama yako, Đulsa

Belgrade, 2 Oktoba 1975

Mama,

Shikamoo, na unisamehe. Barua yako nimeisoma nikashindwa kula. Nikitaka kuja, Ratomir ananiambia waandishi watanifuata hadi mlangoni kwako. Gauni jeusi silivui tena, hata dukani naenda nalo. Jumamosi naimba Zenica. Nitawaambia ukweli, litakalokuwa na liwe.

Mwanao, Zumreta

Zenica, 5 Oktoba 1975

Mama,

Shikamoo. Nimesema.

Nilisimamisha muziki, mpiga kodiani akadhani naugua. Nikawaambia, "Mama yangu yu hai. Anaitwa Đulsa, yuko Lipovik, na leo asubuhi amekamua ng'ombe."

Kisha mzee mmoja akainuka akasema, "Yu hai moyoni mwako, binti yangu." Wakasimama wote, wanapiga makofi huku wanalia. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Wakazidi kulia. Ratomir naye alikuwa pembeni anafuta macho, na baadaye akaniomba niyaseme maneno hayo hayo Sarajevo.

Kodiani ikaanza. Nikaimba, Mama. Sikujua la kufanya.

Mwanao, Zumreta

Lipovik, 19 Oktoba 1975

Mwanangu,

Salamu. Afya yangu nzuri, usiwe na wasiwasi.

Tulikusikia redioni. Uliposema nipo hai, Mevla alinishika mkono. Mabasi sasa ni mengi kuliko kwanza, wameshaweka uzio kuzunguka kaburi. Ukipata nafasi njoo, hata kwa kupitia nyuma kwenye zizi.

Ulipoanza kuimba, nami nililia kama wao. Nilimwonea huruma sana yule mama, amekufa bila kumwona tena mtoto wake.

Mama yako, Đulsa