Chombo Nilichokiona Safi

Mjukuu wangu Hodan,

Assalaam aleikum. Kile kikohozi kimekuacha? Sisi hapa Galbet tu wazima, alhamdulillahi, na mbuzi wako mweupe amezaa mapacha.

Unasema mwalimu wa kemia amekuamuru urudie jaribio kwa sababu hukuosha chupa, nawe uliiona safi. Sasa unataka kuliacha somo, eti anakuchukia. Ngoja nikuambie. Nilipokuwa bibi harusi, mama mkwe, Mungu amrehemu, aliniuliza, "Chombo cha maziwa umekifukiza moshi?" Nikajibu, "Ndiyo, mama." Sikuwa nimekifukiza huo moshi unaozuia maziwa kuchacha, nilikiona safi. Wageni walipofika, maziwa yalikuwa yamechacha. Akaonja, akanitazama, kisha akawaambia, "Nisameheni, leo mkono wangu umekosea."

Walipoondoka nikangoja matusi. Akanipa kijinga cha moto na chombo kilekile. "Fukiza tena, binti yangu. Mimi nimekaa hapa."

Anayekuchukia angekuacha na chupa yako chafu, mama. Rudi ukaioshe. Kisha niandikie upesi, uniambie safari hii dawa imegeuka rangi au la.

Nyanya yako