Jumamosi Zilikuwa Zangu

Nyumba za Walimu,
Nyuma ya Bwalo la Shule.

Jumamosi jioni, tarehe 14.

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo. Pokea salamu za mdogo wako, mwili mzima, roho ndiyo ina michubuko. Mgongo wako unaendeleaje? Bado wanakupangia zamu za kunyanyua wagonjwa peke yako hapo hospitalini? Waambie na wewe una kwenu. Na shemeji yangu, pale alipong'olewa jino pamepona au bado anatafunia upande mmoja?

Sisi hatujambo. Mama miguu imepungua kuvimba, ila ubishi umeongezeka. Jana kamwambia daktari kwamba dawa zake ni nzuri, tatizo ni kwamba daktari mwenyewe hajui zinatibu nini. Tumerudi naye nyumbani mimi nikiangalia chini njia nzima.

Haya, sasa nikwambie lililonikalia kooni. Nina wivu, dada. Nimeliandika neno lenyewe ili nisizungukezunguke. Nisipokuambia wewe nitamwambia nani? Mchungaji nikimweleza ataniombea mbele ya watu.

Unajua Jumamosi zetu hapa shuleni. Chakula kikiisha, meza zinasukumwa ukutani, nachomeka kinanda changu, watoto wanaimba mpaka kengele ya kwenda bwenini. Hatuna televisheni, hatuna disko, na sijawahi kuona haya kwa hilo. Mzazi anayemleta mtoto kwetu amezipita shule ngapi zenye kila kitu? Anakuja hapa akitafuta kitu ambacho huko nje hakuna. Sasa kama ndani ya geti ni yale yale ya nje ya geti, mlinzi analinda nini? Hayo nimeyasema kwenye vikao miaka yote, na nayaamini hata leo, tafadhali usije ukadhani ni wivu tu unaoongea.

Basi muhula huu kaja mwalimu mpya wa jiografia. Msichana kijana, mwembamba, anacheka kabla hujamaliza kusema. Kashuka kwenye gari na begi moja dogo na spika kubwa kuliko begi. Wiki haijaisha, watoto wameshambatiza Mwalimu Spika. Akamwomba Mwalimu Mkuu Jumamosi moja tu, watoto wachangamke. Akapewa. Kisha nyingine. Mara nikajikuta mimi ndiye naomba Jumamosi, mimi niliyezianzisha!

Kinachoniuma zaidi ni huku nyumbani. Binti yangu, huyo kitinda mimba wetu unayemdekeza kwa simu, sasa anafunga kitambaa kichwani kama Mwalimu Spika, fundo pembeni. Mezani ni Mwalimu Spika kasema hivi, Mwalimu Spika kafanya vile. Nikamuuliza kama mama yake naye huwa anasema chochote cha maana. Akajibu, "Wewe mama unasemaga yale yale." Na shemeji yako, fundi seremala wa shule, kamtengenezea huyo Mwalimu Spika jukwaa zima, kalipiga msasa na vanishi. Kiti changu cha kinanda kinayumba tangu mwaka juzi. Nikikaa nabana mguu mmoja chini nisianguke katikati ya ubeti.

Nikaenda kushuhudia Jumamosi yake. Nakiri nilikwenda kutafuta kosa, na wala sikutafuta sana. Wamechukua wimbo wa mapenzi unaopigwa kila kona huko nje, wakatoa jina la yule mwanamume, wakaweka Yesu. Dada, nimesikia kwa masikio yangu mabinti wa kwaya yangu wakiimba "Yesu nishike kiuno," na mikono wameiweka hapo hapo kiunoni! Ungecheka na wewe. Nilicheka, kisha nikaogopa. Mwisho wakapanda jukwaani mmoja mmoja, atakayepigiwa kelele nyingi ndiye Nyota wa Wiki. Yule mtoto mnene wa kidato cha kwanza, mwenye sauti ya pili nzuri kuliko wote, hakupigiwa hata kofi moja. Kateremka akiangalia viatu vyake. Hapo nikasema hapana. Hii ndiyo dunia yenyewe, imepitishwa getini ikiwa imebebwa na mwalimu.

Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya maadili. Nikasimama kwenye kikao, nikawaeleza habari za kiuno na habari za yule mtoto. Mwalimu Spika hakubisha. Alisema la mtoto hakuliona na limemuuma, basi. Kanuni nikaiandika mwenyewe: Jumamosi jioni kisitumike chombo chochote cha umeme, wala usiimbwe wimbo usiomo katika kitabu cha nyimbo za kanisa. Niliipima kwa kipimo chake yeye, kama mtu anavyokata nguo. Nilijiambia, huyu ukimtoa kwenye waya amebaki nini? Ikapita bila mkono hata mmoja kupinga. Nilirudi nyumbani natembea kama niliyeolewa upya.

Jumamosi iliyofuata nikaingia bwaloni na kinanda changu kwapani. Mwalimu Mkuu kasimama karibu na soketi. Unamjua alivyo, alifundisha hesabu maisha yake yote, kwake neno ni neno. Akaniuliza kwa upole kama hicho si cha umeme. Nikamwambia hiki ni cha nyimbo za Mungu. Akasema, "Mwalimu, umeandika chochote. Chochote ni chochote."

Dada, nilijipalia makaa mwenyewe, tena kwa mwandiko mzuri.

Nikapiga moyo konde. Nikasema tutaimba kwa mdomo, kwani kuna nini? Nikaanzisha. Sasa miaka yote hii kidole ndicho kinachonipa sauti ya kuanzia, mimi nafuata tu. Sikujua kwamba sijui. Nilianzia juu, juu kabisa, tulipofika kwenye kiitikio wasichana walikuwa wanapiga mayowe na wavulana wamekata tamaa. Nikaanza upya, nikaenda chini mno, ikawa kama watu wanaguna. Mtu akacheka nyuma, kisha bwalo zima. Binti yangu hakucheka. Alijifunika uso, na hilo ndilo baya zaidi. Nilitamani sakafu ifunguke.

Ndipo wimbo ule ule ukaanza kutoka kwenye mabenchi ya kidato cha kwanza. Alikuwa Mwalimu Spika, kakaa pembeni ya yule mtoto mnene, wala hakusimama. Kaanzisha polepole, sauti imekaa pale pale panapotakiwa, anagonga meza kwa ncha za vidole. Mtoto akaingia na sauti ya pili. Meza inayofuata ikaingia. Kufika ubeti wa tatu bwalo lote lilikuwa linaimba, wapishi wamesimama mlangoni na miiko, na mimi bado niko mbele, mikono imeinuka, simwongozi mtu yeyote. Nikaishusha taratibu kama niliyekusudia.

Baadaye nikaambiwa baba yake alikuwa mwinjilisti wa kutembea kwa miguu, hana hata ngoma, na yeye binti ndiye aliyekuwa akimwanzishia baba nyimbo tangu mdogo. Kumbe ile spika ilikuwa inamfunika! Nani alimwambia aje na spika? Angekuja bila hiyo, ningemwogopa mapema.

Mwalimu Mkuu kamkabidhi Jumamosi zote. Jukwaa limevunjwa, mbao zake shemeji yako katengenezea rafu za vitabu. Shule yetu Jumamosi jioni sasa ni safi kama nilivyoihangaikia, na hakuna aliyeniambia kwamba nitakapomaliza kuisafisha na mimi nitakuwa nje. Jana Mwalimu Spika kaja mpaka mlangoni, kaniomba nimfundishie watoto sauti ya pili. Kaniita mama. Nilimwambia nitafikiria, nikafunga mlango kabla hajaona uso wangu.

Unisalimie shemeji na wanangu wote hapo kwenu. Yule mkubwa mwambie mama mdogo anasubiri picha ya mahafali. Mama anakusalimu, anasema ule, usijibanebane. Shemeji yako anakusalimu pia, ingawa huyu namfikishia salamu zake kwa shingo upande. Mungu akushikilie mgongo, akupe zamu nyepesi na usingizi wa kutosha.

Naishia hapa kwa sababu wameanza. Kutoka mezani kwangu mpaka bwaloni ni ukuta mmoja na ua, nasikia kila neno, na kila neno limo kitabuni. Kitinda mimba wangu yuko huko, sauti yake naitambua hata katikati ya mia. Ndiyo shule niliyoiombea kwa magoti. Wanaimba vizuri, dada. Wanaimba vizuri sana, na mimi nimekaa hapa natega sikio, natamani wakosee japo mara moja.

Mdogo wako akupendaye, hata akiwa amenuna,

Mama Kinanda