Ngozi ya Ng'ombe Wangu Doa

Jorodom, Katesh
Jumanne

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua hii nimempa katekista wa hapa anayepita huko kwetu Daudi kesho, nikamsihi aitie mkononi mwako, asimpe mtu mwingine, hata kaka Elibariki. Mimi ni mzima. Kifua kilichonisumbua wakati wa baridi kimepona. Vipi wewe na miguu yako? Mahindi yamesimama, au mvua imeyalaza?

Kazi ya ghala la ngozi nimeizoea. Kila baada ya mnada tunapokea ngozi za wachinjaji, tunakwangua nyama iliyobaki, tunazipaka chumvi na kuzipanga. Harufu haitoki hata nikioga mara mbili. Mwenye nyumba ameniomba viatu vyangu vilale nje, na kanisani watu huniachia benchi zima. Msimamizi wetu, Bwana Hamisi, ndiye anayenifundisha kutofautisha ngozi nzuri na mbaya. Mwezi huu natimiza miezi mitatu ya majaribio, na ameniahidi ajira.

Sasa nikuambie kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Simu ya nyumbani anaishika kaka, na tukiongea nasikia yuko pembeni yako.

Jumamosi Mama Safari, jirani yetu anayeuza vitunguu saumu, aliniletea ghalani ngozi kavu ndani ya kiroba. Alisema kaka amemtuma: ng'ombe wangu Doa ameanguka korongoni na kufa. Kwa hilo kaka alifuata desturi. Kwetu anayemtunzia mwenzake mnyama, mnyama akifa, lazima alete ngozi ili mwenyewe ajue hakuuzwa. Niliikunjua. Kovu la seng'enge pajani lipo, lile alilolipata nikiwa kidato cha pili. Ni Doa kweli.

Kisha nikageuza upande wa ndani. Mama, ng'ombe akifa mwenyewe, damu hubaki mwilini, na ngozi yake huonyesha mishipa myeusi kama mizizi. Aliyeanguka huwa na mavilio ya damu pia. Hii ilikuwa nyeupe, safi, na kisu hakijaitoboa popote. Nilimwita Bwana Hamisi bila kumweleza ni ya nani.

"Hii imechinjwa," alisema. "Tena waliochuna walikuwa wengi, na hawakuwa na haraka. Hii ni ngozi ya shughuli. Umeitoa wapi, Mmbulu? Umeiba?"

"Ya nyumbani."

"Basi wamekula bila wewe!" Akacheka, na wenzangu wakacheka.

Mimi sikucheka. Nilimfuata Mama Safari sokoni kabla hajapanda basi.

"Mama, ulimwona huyo ng'ombe korongoni?"

"Mimi nimebeba mzigo tu, mwanangu."

"Nani alimchuna?"

"Nunua vitunguu, au nipishe wateja."

Nilipogeuka akanishika mkono. "Pole sana," akasema. "Kaza moyo." Hakunitazama usoni.

Mama, nani anamwambia mtu akaze moyo kwa sababu ya ng'ombe?

Nilirudi chumbani nikafungua daftari langu la kumbukumbu. Baba alizoea kunicheka kwamba naandika hata mawingu yasiyonyesha. Jumapili ya kwanza ya mwezi niliuliza habari zake, kaka akasema amelala. Alhamisi, ameenda kutafuta kuni. Jumapili ya pili, yuko kanisani, na hiyo ilikuwa saa kumi na moja jioni. Jumatano, kabla sijauliza chochote, kaka akasema mtandao ni mbaya na simu ikakatika. Mwezi huu wote sijasikia sauti ya baba.

Nimejaribu kutafuta maelezo mengine. Ingekuwa harusi, mngeniita. Kipaimara hakuna, kwetu hakuna mtoto wa umri huo. Wala kaka hawezi kuchinja ng'ombe anayekamuliwa kwa hamu ya nyama. Na nakumbuka bibi alipofariki, dada Paskalina akiwa kwenye mtihani: kaka alitukataza sote kumwambia, akajua wiki tatu baadaye. Naona amefanya hivyo tena, ili nisiache kazi kabla majaribio hayajaisha.

Kama nimekosea, unisamehe. Nitafurahi kuitwa mjinga mbele ya ukoo wote. Lakini siwezi kuendelea kupaka chumvi ngozi za watu huku sijui kama baba yangu yuko hai. Jana niliomba ruhusa. Bwana Hamisi alisema, "Wiki ya mnada hatoki mtu. Ukienda, nafasi yako naijaza." Nikamwambia aijaze. Akauliza, "Ile ngozi?" Nikasema ndiyo. Akaniambia nipande basi la kwanza, mengine tutaongea nikirudi.

Ninakuja Ijumaa, kabla ya hapo hakuna basi la huko. Usimruhusu kaka anipokee kituoni na maneno aliyoyapanga.

Nisalimie shemeji na watoto, na dada Paskalina akifika. Kaka mwambie kwa habari ya Doa simdai neno. Kama alichinjwa kwa ninalowaza, nisingemnyima. Baba simwandikii salamu humu. Nitasimama mlangoni nimwamkie kwa sauti. Asipoitikia, msinieleze chochote. Nipelekeni alipo.

Mimi mwanao,
Emanueli