Mguu Ulitikisika

Jumamosi, 5 Agosti 1972

Nimerudi kutoka Makere, miguu yote inauma. Pongo mmoja, dume. Rafiki yangu Ildefonsi, mwenye bunduki, alimpiga kwa marisau, na marisau ndivyo yalivyo — punje zinatoka pamoja, halafu kila moja inashika njia yake. Mnyama akaingia kwenye matete, sisi nyuma yake. Nilimkuta bondeni anapiga mateke. Nikamwelekeza kibla, nikachinja. Damu iliruka mpaka kwenye viatu. Safi kabisa!

Ildefonsi hakufurahi. Paja limetobolewa, utumbo umepasuka, nyama ya tumboni tumeiacha porini. Akasema, wewe Bwana Afya, ungeiona nyama hii buchani si ungeamuru ifukiwe? Ningeamuru.

Ndipo akatoa mfukoni risasi mpya, kaletewa na shemeji yake wa Kitahana. Hii haina punje. Ndani kuna donge moja tu, nene kama kidole gumba. Anasema mnyama akipigwa kwa donge analala hapohapo, hakuna kufukuzana.

Analala hapohapo! Na mimi nichinje nini?

Jumapili, 6 Agosti

Dereva wa lori kaleta salamu kutoka Ujiji. Baba yake mke wangu, Mwanahawa, anakuja Ijumaa ya tarehe 18 kumtazama mwanawe. Mwanahawa kafurahi, kaanza kufua mapazia. Mimi nimehesabu siku: kumi na mbili.

Siku ya ndoa yetu mzee alinishika mkono mbele ya watu. Akasema, huko bara unakompeleka mwanangu wanakula kibudu. Siku nikisikia kalishwa mnyama aliyejifia, nakuja kumchukua. Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Na hapa Kasulu nyama ya porini watu wetu wanaila kwa neno langu. Kachinja Saidi? Kachinja. Basi, sufuria linapanda motoni.

Jumatano, 9 Agosti

Ildefonsi kaja ofisini, kakaa juu ya meza yangu kama kawaida yake. Habari ni donge tu. Marisau yanajeruhi, mnyama anakwenda kufia mbali, analiwa na fisi. Donge halina ubishi. Nikamwambia, mnyama akifa kabla ya kisu sisi hatuli. Akasema, utawahi, una miguu mirefu.

Nimefikiri sana alipoondoka. Kila mnyama tunagawana, nusu yetu Waislamu, nusu yao kina Ildefonsi. Mnyama akifa kabla ya kisu, nusu yetu inakwenda wapi? Haihitaji darasa la saba. Huyu mtu nimekula naye miaka minne, na leo nimejikuta namtazama mgongo anavyotoka mlangoni.

Kitu kimoja kimenichoma. Aliniuliza, Bwana Afya, unataka mnyama ateseke ili wewe upate nafasi ya kukimbia na kisu? Alikuwa anatania. Sijui kama alikuwa anatania.

Jumamosi, 12 Agosti

Donge la kwanza leo. Mlio mmoja, pongo chini. Hakupiga hata hatua.

Nilikimbia mpaka kifua kikawaka. Nilipofika, Melkiadi ameshatangulia — huyu kijana wa Burundi aliyevuka mwaka huu na wakimbizi, anakaa kwa Ildefonsi kule Heru Juu, ndiye mfuata nyayo wetu. Amechutama, kashika mguu wa nyuma. "Iracahema! Inapumua, Bwana, kimbia!" Mguu ukaruka. Nikasoma bismillahi, nikakata.

Damu ilitoka. Ilitoka taratibu, nyeusi, kama mtu anayemimina asali. Jicho lilikuwa limeshatulia.

Sasa najiuliza: ule mguu uliruka, au ulirushwa?

Nyama imegawiwa. Majirani wamekula, wamenishukuru. Mimi nimesema tumbo linanisumbua. Mwanahawa kanitazama, kanipa uji.

Jumatatu, 14 Agosti

Nilikwenda Heru Juu kukagua vyoo. Vyoo vyenyewe sikuviona vizuri, nilikuwa namtafuta Melkiadi. Nilimkuta analima.

— Juzi, ule mguu wa pongo, vipi?

— Ulitikisika, Bwana.

— Ulitikisika wenyewe, au uliutikisa?

— Ulitikisika.

Nikauliza mara ya tatu. Ulitikisika! Siku zote Kiswahili chake kinachechemea, leo kimepata kitenzi kisicho na mwenyewe. Akatabasamu, akaendelea kulima.

Ildefonsi akatoka ndani, alisikia yote. Hakupiga kelele. "Bwana Afya, mimi nakula ulichochinja wewe. Sijawahi kukuuliza kama kweli ulisoma hayo maneno, au ulitikisa midomo tu." Kisha akaniletea kigoda nikae. Nimeona aibu. Lakini aibu haijajibu swali langu.

Alhamisi, 17 Agosti

Kesho mgeni. Ildefonsi mwenyewe kajitolea: tukamtafutie mzee kitoweo. Nimekubali kwa sharti moja, marisau. Akacheka, ebo, kwa mkweo tutafanya unavyotaka. Akaweka risasi ya marisau kwenye mtutu mbele ya macho yangu. Niliiona.

Tukaingia msituni. Mwiba ukanichoma, nikainama kuutoa. Wao wakatangulia. Mlio! Mmoja tu. Nikakimbia na kiatu kimoja.

Pongo kalala kando ya kichuguu. Melkiadi ameshafika, mkono uko palepale mguuni. "Iracahema!" Nilimwambia aachie. Akaachia. Mguu ukashuka polepole... au ulijikunja? Nikakata, sikungoja. Damu ilitoka, siwezi kusema haikutoka. Haikuruka.

Wakati wa kukunja ngozi, nyama imeshakatwa, nimeona tundu. Moja! Nyuma ya bega, duara, kidole changu kimeingia.

— Ilde, hili ni donge.

— Ni marisau. Nilikuwa karibu naye kama hapa na pale. Karibu hivyo hayajatawanyika, yanaingia pamoja.

Inawezekana. Nimewahi kusikia hivyo. Nikataka tupasue kifua tutafute punje. Kifua hakipo — Melkiadi ameshakibeba, fungu la mfuata nyayo, ameshaondoka. Haraka ya nini?

Nimemweleza Mwanahawa nusu. Akasema, kama una shaka sema, nichemshe maharage, baba atakula maharage. Nikisema maharage leo, nitakuwa nimesema neno juu ya nyama ya Jumamosi pia, na majirani wote wameshaila kwa jina langu.

Nimemwambia apike. Naogopa, na nimemwambia apike.

Ijumaa, 18 Agosti. Baada ya sala

Naandika chumbani, nimesema nakuja kuchukua kofia. Mzee amefika salama, amembusu mwanawe kichwani, amesifu mapazia. Ildefonsi naye yupo, nilimwalika kabla ya haya yote, sasa nitamfukuzaje? Kavaa shati la kanisani. Melkiadi yuko uani, anasubiri chake.

Sinia limeshawekwa. Wali, pongo wa nazi iliyotoka Ujiji, harufu imejaa nyumba. Mzee amenawa. Amechukua pande la nyama, akaligeuza, akalirudisha. Akasema, mwanangu, nyama hii mbona nyeusi? Mnyama huyu mlimuwahi?

Hapo ndipo nilipokumbuka kofia.

Ukuta ni mwembamba. Namsikia Ildefonsi: "Alikuwa anapumua, mzee. Nilimwona mimi kwa macho yangu." Sauti yake imetulia. Yule ni rafiki yangu, anadanganya kwa ajili yangu, au anasema kweli — na mimi sijui lipi kati ya hayo mawili!

Nasikia bilauri inawekwa chini.

"Ahsante, bwana. Wewe sikukuuliza. Mwanahawa, mwite mumeo."

Anakuja. Nyayo zake nazijua. Amesimama mlangoni, mkono bado una unga wa binzari. Haniulizi kama niko tayari. Anauliza kwa sauti ya chini, baba asisikie:

— Nifungashe nguo zangu, au nirudi nikapakue?