Bibi Wankuru, Jembe la Kwanza Nilipiga Mimi

Bibi yangu Wankuru,

Shikamoo. Najua kabla hujaitikia utaniuliza kama nimekula na kama nimenawa mikono. Nimekula. Mikono nimenawa kwa sabuni, tena nikarudia, maana leo tulikuwa kwenye ile chemba ya majitaka ya nyuma ya soko hapa Mugumu. Wewe unaijua. Uliwahi kupita karibu nayo ukaziba pua kwa kitenge, ukasema harufu ile ingemrudisha fisi porini. Leo tumeizibua. Tumetoa humo gunia zima, kipande cha godoro na viatu visivyo na wenzake, na maji yalipoanza kwenda nilicheka peke yangu kwa sababu nilikukumbuka.

Mwaka unakaribia kuisha tangu tukuzike Kisaka, na bado sijakusimulia siku ile ilikwendaje. Siku yenyewe ilikuwa yako, na ni wewe peke yako ambaye hukuiona. Barua hii wataisoma na wengine, basi itabidi nieleze na mambo unayoyajua. Nivumilie kama ulivyonivumilia nilipokuwa nachelewa kurudi kutoka kisimani.

Mwanamke mumewe amekufa, watoto hakujaliwa, ng'ombe anao na boma analo. Huyo ulikuwa wewe. Ukafanya kama wanawake wengi wa kwetu walivyofanya kabla yako: ukatoa ng'ombe, ukamwoa mama yangu, ndoa ya mwanamke kwa mwanamke tunayoiita nyumba ntobhu, ili azae watoto watakaoitwa kwa jina lako. Ulitaka mtoto wa kiume. Nikaja mimi, Bhoke, binti, na baada yangu hakuja mwingine. Mama ananiambia siku niliyozaliwa ulinitazama weee, halafu ukasema, "Haya. Huyu naye ana mikono."

Shemeji yako, Mzee Marwa, hakuridhika na mikono. Nakumbuka siku tunapepeta ulezi uani, akaja na fimbo yake, akakalia kigoda chako bila kukaribishwa. "Wankuru," akasema, "siku ukifa, jembe la kwanza atapiga nani?" Katika ukoo wetu swali hilo si dogo. Kaburi linafunguliwa na mtoto wa kiume wa nyumba, na anayelifungua ndiye anahesabiwa kuwa amesimama ndani ya nyumba hiyo. Kama hayupo, anafungua mtoto wa shemeji, na nyumba inaingia kwa shemeji na jina lake linazimika. Wewe ulitikisa ungo, makapi yakampata Mzee usoni, ukamjibu, "Atapiga atakayekuwepo." Nilikuona shujaa. Lakini jioni ile ulisogeza sahani yako pembeni, ukaniambia huna njaa, na mimi nikajua limekuingia.

Mambo ya maji ulinianzisha wewe, ingawa utakataa. Kwenye chemchemi ya bondeni ulikuwa mkali kuliko askari wa hifadhi. Ng'ombe wanywe chini, watu wachote juu, na atakayefua karibu na jicho la maji atakutana na wewe. Tope likijaa ulipandisha nguo, ukaingia hadi magotini, ukalitoa kwa mikono huku unaimba na kutukana kwa zamu. Vijana wa ng'ombe walikuwa wanakuogopa, kila mmoja unamwita mura, kijana. "Mura! Ng'ombe wako ana akili, anangoja. Wewe mwenye fimbo ndiye huna!" Nilikuwa nasimama nyuma yako na ndoo yangu ndogo, najisikia mtoto wa mkuu wa wilaya.

Nilipomaliza shule Issenye nikasomea ufundi bomba, ulifurahi kwa sababu ulidhani nitakuwa nafunga bomba ndani ya nyumba za watalii huko Ikoma, navaa viatu visafi. Nikarudi likizo nikakuambia nimepata kazi Mugumu, timu ya matengenezo, maji safi na majitaka. Ukauliza majitaka ni maji gani. Nikakueleza. Ukaweka kibuyu cha maziwa chini.

"Umesoma Issenye miaka yote ile uje uingie kwenye choo cha watu?"

"Bibi, kuna mtu lazima aingie."

"Hilo najua. Nauliza kwa nini awe wangu."

Nilikuambia tu tunapewa buti ndefu na glavu. Ukazitaka uzione. Ulizipima mguuni, ukatembea nazo kutoka jikoni hadi zizini ukiringa, Mama akacheka hadi akakaa chini, na mimi nikajua nimeruhusiwa.

Halafu ukaja Mugumu kuhakikisha. Hukutoa taarifa. Tulikuwa tumechimba mtaro kando ya barabara ya kwenda hospitali, bomba kubwa limepasuka, nimo ndani nimelowa tope hadi kwenye nyusi. Nikasikia sauti juu inamwambia mama mmoja muuza ndizi, "Yule pale mwenye kofia ya njano. Ndiyo, yule mchafu. Ni wangu." Kisha ukamwambia mwendesha bodaboda. Kisha ukamwambia mwalimu aliyekuwa anapita na madaftari, mtu wa Mbeya wa watu, hata hakujua anatakiwa kusema nini, akakupa hongera. Bibi, nimewahi kupewa cheti mbele ya watu. Hakikunipa raha niliyoipata nikiwa shimoni siku ile.

Uliketi kwenye jiwe mpaka tukamaliza, ukiigawia timu yangu maziwa ya mgando na maoni. Fundi Masatu, kiongozi wetu, mtu wa Ukerewe asiye na haraka, alikupenda palepale. Ukamuuliza kwa nini bomba limeshaungwa na bado hatufukii. Akakuambia hatufukii mpaka tuone maji yamepita na kiungo hakivuji. Maji yalipopita ukamuuliza kwa nini wale vijana wawili wameweka makoleo chini, wananiangalia mimi peke yangu narudisha udongo wa mwanzo.

"Mama, hapa kila mtaro una mwenyewe," Masatu akakuambia. "Asubuhi nampa mtu mmoja sululu, anafungua. Basi aliyefungua ndiye anafunga. Akianza yeye, wengine tunamsaidia. Hapo mtu hafichi kazi mbaya chini ya udongo, kwa sababu tunajua ni ya nani."

Uliitikia kwa kichwa. Ulilirudia lile neno taratibu, aliyefungua ndiye anafunga, ukaniangalia kwa jicho ambalo sikulielewa. Nilidhani umechoka na jua.

Sasa nikupeleke kwenye siku yako.

Ulikwenda kiangazi, ardhi ya Kisaka imekauka, mawe tupu. Asubuhi wazee walikaa upande wa zizi. Mahali pa kaburi palikuwa pameshachaguliwa, upande wa nyumba yako kama ulivyotaka. Majembe yalikuwa yameegemezwa ukutani, na hakuna aliyeyagusa. Mzee Marwa alisimama, na sitasema alikuwa na roho mbaya, alisema kwa upole kabisa: "Nyumba hii haina kijana. Mwanangu Chacha ataanza, twende na wakati." Mama aliinua uso akaniangalia. Alikuwa mke wa nyumba yako, Bibi, na alikuwa anaona nyumba inaondoka na jua halijawa kali.

Nilitaka kusema. Nilikuwa naijua kazi ya kuchimba kuliko mtu yeyote pale, lakini wazee walikuwa wengi. Chacha akaanza kukunja mikono ya shati.

Hapo ndipo pikapu yetu ya kazini ikaingia. Nakuambia vumbi lake liliingia kwanza. Timu nzima ilikuwa imepanda nyuma, na buti zao, na mitaimbo, na sululu, kwa sababu walisikia Kisaka ni mawe wakaona wasije mikono mitupu. Masatu akashuka, akawaamkia wazee wote kwa zamu, akavua kofia mbele ya mlango wako. Akaenda pale palipopimwa kwa kamba, akapagonga kwa mtaimbo, akasikiliza. Halafu akafanya kile anachofanya kila asubuhi ya Mungu. Akachukua sululu, akageuka, akanitafuta kwa macho, akaninyooshea mpini.

"Bhoke. Fungua."

Bibi, wazee wote waligeuka. Yule mtu wa Ukerewe hakujua chochote cha desturi yetu. Kwake yeye kulikuwa na ardhi ya kuchimbwa, na palikuwa na mwenye mtaro. Mkono wangu ulitoka wenyewe, kwa mazoea, ukaupokea mpini, na nilipoushika mdomo wangu ukafunguka pia. Nikasema kwa sauti, "Mimi ni mtoto wa nyumba ya Wankuru." Nikapiga. Ardhi ilikuwa ngumu kwelikweli, cheche zikaruka. Nikapiga tena. Nyuma yangu Mama akapiga kigelegele kimoja kilichokatikia njiani kwa kilio. Kisha mitaimbo ya wenzangu ikaingia, na Chacha, mura wa watu, akaacha kukunja shati, akashika koleo akaja kutusaidia kutoa mawe.

Tulikuchimbia vizuri. Kuta zimenyooka, kona zimekaa sawa, chini tumesawazisha kwa mkono. Nimechimba mitaro mingi katika wilaya hii na hakuna niliouchimba kwa heshima kama ile nyumba yako ya mwisho. Nilijivuna, nakuambia ukweli, nilikuwa nalia na huku najivuna.

Baada ya sala, tulipokushusha, mzee mmoja akasema wanawake wasogee nyuma, wanaume wafukie. Nikarudi hatua chache. Masatu akainua mkono taratibu kama mwanafunzi.

"Wazee wangu, shikamooni tena. Samahani, mimi mgeni. Ila sisi kazini aliyefungua ndiye anafunga."

Wakaangaliana. Macho yote yakaenda kwa Mzee Marwa. Alikuwa ameegemea fimbo yake, anautazama ule udongo. Najua alikuwa anakumbuka swali lake la siku ya ulezi, kwa sababu na mimi nilikuwa nalikumbuka. Kisha akanyoosha fimbo kunielekea.

"Basi mpeni koleo," akasema. "Mwenye nyumba ndiye huyo."

Udongo wa kwanza nikaurudisha mimi, taratibu, kama ulivyoniona nafanya kando ya barabara ya hospitali. Wengine wakafuata.

Tulipokuwa tunarudi Mugumu Masatu alinong'ona, "Bhoke, kuna kitu nilikosea pale? Wazee walinitolea macho." Nikamwambia hapana, fundi, hukukosea kitu. Nilimweleza baadaye. Alikaa kwenye ukingo wa mtaro akashika kichwa, akasema kama angejua asingethubutu kabisa. Tunamtania mpaka leo.

Boma lako lipo, Bibi. Mama anapalilia, paa la jiko nimelibadilisha, na Mzee Marwa akija anasubiri kukaribishwa ndipo anakaa. Juzi alikuwa na wageni kutoka Tarime, akawaelekeza kwetu. "Nyumba ile pale, kwa Bhoke wa Wankuru, yule wa mabomba." Nilikuwa nyuma ya ukuta nasikia. Masatu anakaribia kustaafu, na sasa asubuhi nyingi sululu inatolewa na mimi. Kila ninapomnyooshea mtu mpini, nakuona umekaa kwenye lile jiwe na kibuyu chako, unamwambia kila anayepita mimi ni wa nani.

Nimekukumbuka sana. Sitakudanganya kwamba nimezoea. Kuna siku natoka kwenye chemba, nanuka, nimechoka, na ninatamani kukuona ukiziba pua kwa kitenge halafu unanikumbatia hivyohivyo.

Lala salama upande wa nyumba yako. Uliuliza kwa nini mtu wa kuingia shimoni awe wako. Nadhani sasa tunajua wote wawili.

Ni mimi, mwenye mikono,
mtoto wa nyumba yako,
Bhoke